Jumatano za Mwalimu Elikana

Mwalimu mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake alichunga ng'ombe kila Jumatano, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alitoka nyumbani asubuhi amevaa koti lake la shule, tai shingoni, kaputula iliyopigwa pasi na soksi ndefu za kufika gotini, akachukua fimbo nyuma ya mlango, akaenda kufungua mazizi ya watu. Shule ilibaki mikononi mwangu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka huo huo, na nililiogopa darasa la nne kuliko lilivyoniogopa mimi.

Tumemzika Kalangalala, pale Geita, nyumbani kwa binti yake Kabula, ambako aliishi miaka yake ya mwisho. Chini ya turubai kijana mmoja wa kanisani alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri, akafika mahali akasema kwamba Mwalimu Elikana alikuwa mpenda mifugo. Shija, ambaye ni bwana mifugo mstaafu na alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, alinigusa kiwiko. "Mpenda mifugo!" alininong'oneza. "Mwalimu huyu aliyekuwa akiona fahali, anapita upande wa pili wa njia?" Tulicheka kwa mabega tu, kama wazee wanavyocheka msibani, lakini lile neno halikuniacha. Nimefanya kazi ya magazeti kwa muda mrefu kuliko ile ya ualimu, na ninajua jinsi jambo linavyoandikwa vibaya mara moja na kubaki hivyo. Kwa hiyo naandika mwaka ule kama nilivyouona. Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na nilikaa pale mwaka mmoja tu.

Nilitoka Shinyanga kwa treni hadi Mwanza, nikavuka ziwa, kisha nikapanda lori lililokuwa limebeba mbao za mgodini. Shule ilikuwa mbele ya Geita, kwenye njia ya kwenda Buseresere, karibu na mgodi kiasi cha king'ora chake kutusaidia kujua saa. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na paa la nyasi. Chumba changu kilikuwa nyumbani kwa Mwalimu, upande wa jikoni, kuta zimesiribwa vizuri na kupakwa majivu, dirisha moja la ukubwa wa kitabu, na kitanda cha kamba kilicholalamika kila nilipogeuka. Ukuta uliotenganisha chumba changu na jiko haukufika juu. Moshi ulikuja kwangu, harufu ya samaki wakavu ilikuja kwangu, na maneno yote ya Mwalimu na mkewe yalikuja kwangu pia. Nadhani uandishi wangu wa habari ulianzia pale. Asubuhi tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Jioni ilikuwa ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, kwa mlenda, na siku ya heri, sato. Mama Kabula alipakua kwa mkono mzito na kuongea bila kupumzika.

Jioni ya kwanza, tukiwa tumenawa, Mwalimu aliniuliza, "Mwalimu Daudi, umewahi kuchunga?"

"Hapana, Mwalimu. Sisi tulikaa karibu na stesheni."

"Basi Jumatano utafundisha wewe, nitachunga mimi."

Nilicheka. Nilifikiri mwenyeji ananichangamsha.

"Cheka tu, baba," alisema Mama Kabula. "Mimi nilicheka mwaka jana mpaka nikachoka. Sasa nafunga chakula cha mchungaji wangu na tai yake."

Alinieleza Mwalimu mwenyewe, polepole, akimega ugali. Alipofika pale alikuta shule imejaa watoto wa wafanyakazi wa mgodi, Waislamu na Wakristo, waliotoka kila upande wa nchi. Hao hawakuwa na ng'ombe, basi walikuja kila siku. Watoto wa wenyeji walikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini walikuja kwa kubahatisha. Siku moja alimwita Makoye ubaoni aendelee na hesabu ya jana. Mtoto akasimama kwa heshima zote akasema, "Mwalimu, mimi ni Makoye wa leo. Makoye wa jana yuko na ng'ombe." Walikuwa ndugu wawili wanaotumia jina moja. Aliyekuwa na nafasi alikuja, mwingine alichunga, na jioni, njiani kuelekea nyumbani, yule wa shule alimfundisha yule wa malishoni. Mwalimu mwingine angewachapa wote wawili. Yeye alitaka kujua wanafundishanaje.

Hapo ndipo ilipotoka zamu. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba wazee wachanganye ng'ombe wao mchana, ili watoto wachache wachunge kundi zima na wengine wasome, halafu kesho wabadilishane. Na asubuhi kila mtoto aliyekuwa darasani jana alikaa na mwenzake aliyekuwa malishoni, akamfundisha alichojifunza, kabla mwalimu hajafungua mdomo. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba darasa lenye kelele ni darasa bovu. Lile lilivuma kama soko. "Wewe tembea katikati usikilize," aliniambia. "Mtoto akishindwa kumweleza mwenzake, ujue aliyeshindwa jana ni wewe." Matokeo ya mitihani hakuyasoma kwa kufuata nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kuhusu shule ya wasio na ng'ombe alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka Mama Kabula alikuwa akiyamalizia kwa niaba yake: "Shule inayosomesha wasio na kazi peke yao ni mahali pa kupumzikia." Nilimuuliza kwa nini achunge yeye mwenyewe, maana wazee hawakumwomba. Alishangaa. "Nikikaa kivulini nikiwapangia wengine zamu, nitakuwa nyapara. Nyapara tunao wa kutosha huko mgodini."

Mgumu kuliko wote kukubali alikuwa Mzee Nkwabi. Alikuwa na ng'ombe wengi, na wanawe wa kiume walikuwa wamekwenda kutafuta kazi, wakamwachia wajukuu. Mchungaji wake alikuwa Shija, yule yule niliyekaa naye msibani. Shija alikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka kungekuwa na mtihani wa kwenda darasa la tano, katika shule ya mbali ya bweni yenye nafasi chache. Mwalimu aliamini angefaulu. Alikwenda kwa Mzee Nkwabi mchana baada ya mchana, akanywa maziwa mgando aliyopewa, akazungumza habari za mvua na magonjwa ya ng'ombe, akarudi bila jibu, mpaka siku moja mzee akasema, kama anayefukuza nzi, "Haya, wachanganye. Lakini wakirudi na njaa, nawatoa."

Mambo yalikwenda vizuri masika yote na baada ya mavuno. Jumatano zilinikomaza. Nilijifunza kuyapa madarasa mawili kazi kwa wakati mmoja, na kujibu "sijui, tutafute" bila kuona haya. Mwalimu alirudi alasiri soksi zimejaa mbigiri, tai imelegea, akaniuliza habari za darasa kabla hajaomba maji. Kisha kiangazi kikakaza. Mto ulikauka, watu wakachimba visima kwenye mchanga wa mto na kufinyanga mahori ya udongo pembeni ya kunyweshea. Maji ya mchangani huja taratibu. Unateka, unajaza hori, kundi moja linakunywa, unasubiri kisima kijikusanye tena. Kundi la mwisho husubiri mpaka jua linashuka, na muda wote huo halili.

Kisima kilichokuwa karibu kilikuwa cha Mzee Nkwabi. Kila mtu pale alijua, hata mtoto mdogo, kwamba kisimani ng'ombe wa mchimbaji hunywa kwanza, kisha wengine kwa utaratibu wao. Mwalimu alilijua hilo pia, maana alizaliwa Msukuma kati ya Wasukuma. Lakini Jumatano moja alifika pale na kundi zima, akawaangalia ng'ombe wawili wa Mama Ngolo, mjane wa jirani, mbavu zimetoka na shingo zimeinama, akafanya alichokuwa akifanya darasani kila siku kwa watoto waliobaki nyuma: aliwatanguliza. Baada yao akawatanguliza wengine waliokonda. Ng'ombe wa Mzee Nkwabi, walionenepa, walikunywa mwisho.

Jioni mzee alisimama mlangoni mwa zizi lake akaangalia matumbo. Hakuhitaji kuambiwa mengi, na wachungaji wadogo walimwambia yote.

Kesho yake alasiri tuliitwa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda katika kivuli cha ghala la mtama. Mwalimu alikataa kiti alicholetewa, akachukua kigoda kama wao, nami nikakaa nyuma yake.

"Mwalimu," alianza Mzee Nkwabi, "kile kisima nani alikichimba?"

"Wewe, mzee."

"Mchanga ukiporomoka nani anauzoa?"

"Wewe na watu wa nyumbani kwako."

"Ng'ombe wa nani walikunywa kwanza jana?"

"Wa Mama Ngolo. Wamekonda, mzee. Niliogopa wasingefika nyumbani."

"Wamekonda, nimewaona. Na wangekunywa. Nani amewahi kufukuzwa pale? Lakini wangekunywa nyuma ya wangu."

Mzee mwingine, mwembamba, aliyekuwa akitafuna karanga muda wote, aliinua kidole. "Mwalimu, nikuulize jambo dogo tu. Mshahara wako ukija, anayeupokea kwanza ni jirani yako aliyekonda?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Wanawake waliokuwa wakitwanga upande wa pili waliacha michi wakacheka. Mwalimu naye alicheka, lakini niliona shingo yake nyuma imebadilika rangi.

"Hapana, mzee. Naupokea mimi."

"Aa! Kumbe utaratibu unaujua."

Mzee Nkwabi hakucheka. "Ng'ombe wangu nawatoa," alisema. "Na mwenye kuwachunga ni Shija." Mtihani ulikuwa umekaribia, na mtoto wa malishoni asiye na mtu wa kumweleza mambo ya jana angekuwa amekwisha.

Jioni ile nilisikia kupitia ukutani.

"Leo wamekutandika," alisema Mama Kabula.

"Wamenitandika. Na ni haki yao."

"Haki yao! Na wale ng'ombe wa Mama Ngolo?"

"Mama Kabula, nilikuwa mwema kwa maji ya mtu mwingine. Ni rahisi mno. Ningewahurumia wale ng'ombe kwa maji yangu."

"Maji yako yako wapi, wewe? Hata mtungi huu nimejitwika mimi."

Nimesikia hotuba nyingi za haki tangu wakati ule. Nimeziandika kwa mkato, nimezichapisha, nyingine nimezisifu. Sijasikia nyingi zinazofika mahali alipofika Mwalimu jioni ile, jikoni, akijibiwa kuhusu mtungi.

Asubuhi aliliambia darasa la nne yote, bila kupunguza hata ule utani wa mshahara. Watoto walicheka, wakamwangalia kama wamekosea, wakacheka tena alipocheka yeye. Asha, binti wa mchimbaji aliyetoka Kigoma, msichana asiyeogopa mtu, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, waliokonda wafe?"

"Hilo ndilo somo la leo," alisema Mwalimu, akaketi kwenye dawati kati yao. Walibishana mpaka king'ora cha mchana. Sikumbuki nani alisema kwanza kwamba shule ichimbe kisima chake. Shija hakuwepo. Msibani Makoye wa leo na Makoye wa jana, wazee wote wawili sasa, kila mmoja alidai ni yeye.

Palihitaji mikono mikubwa kuliko ya watoto. Kiongozi wa vijana wa kijiji alipiga ngoma ya kuitana kazini, na baba zao akina Asha walikuja siku yao ya mapumziko na koleo na sururu. Sikuwa nimewahi kuwaona watu wa mgodi na watu wa ng'ombe wakifanya kazi moja. Mwanzoni walikaa mbali mbali.

"Nyie si mnachimba mwaka mzima?" kijana mmoja wa kijijini aliwatania. "Maji hamjayaona tu?"

"Sisi tukiyaona maji tunakimbia!" alijibu baba yake Asha kutoka ndani ya shimo, na tangu hapo wakawa watani. Watu wa mgodi walishikiza kuta kwa magogo ili mchanga usiporomoke, namna wanavyofanya shimoni kwao. Mama Kabula na wenzake walileta uji kwenye vibuyu. Mzee Nkwabi alikuja, akaketi juu ya jiwe, akakosoa kila kitu: shimo, magogo, ngoma, uji. Alasiri nilimwona amevua shuka begani anavuta kamba ya ndoo pamoja na wengine, bado anakosoa.

Maji yalipopatikana na udongo wa mahori mapya ulipokauka, Mwalimu aliwauliza wazee nani anywe kwanza. Mzee Nkwabi alisema, "Hiki kimechimbwa na wote. Semeni wenyewe." Watoto wakasema. Makoye mmoja alitaka waliokonda watangulie. Makoye mwingine akasema watu wataanza kuwanyima majani ng'ombe wao ili watangulie, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Asha alitaka kwanza yatekwe maji ya kunywa ya shule, maana watu wa mgodini nao walichimba na hawana ng'ombe. Ikakubaliwa: shule kwanza, halafu waliokonda. Lakini nani atasema ng'ombe yupi amekonda kweli na mwenyewe yupi anadanganya?

"Mzee Nkwabi," alisema Mwalimu, "hapa hakuna anayelijua tumbo la ng'ombe kama wewe. Utatusaidia?"

Mzee alimwangalia kwa muda, kama anayetafuta mtego. Kisha akasema, "Nitakuja nione."

Alikuja siku ya kwanza, akaja ya pili, na baada ya hapo hakukosa. Aliketi juu ya jiwe lake akiita ng'ombe kwa rangi zao: yule mwenye mabaka atangulie, yule mweusi asubiri, huyo anajifanya. Na kwa kuwa sasa alikuwa kisimani kila siku, alirudisha ng'ombe wake katika kundi ili awaangalie papo hapo. Jumatatu moja Shija alisimama mlangoni mwa darasa amebeba kibuyu cha maziwa. "Babu amesema Mwalimu anywe," alisema, akaenda kukaa mahali pake. Asha alimsogelea kabla hajafungua daftari, akaanza kumweleza mambo yote ya siku zile. Sijawahi kuwa na asubuhi ya furaha kama ile katika kazi yoyote.

Siku ya mtihani tulitoka alfajiri kuwapeleka watahiniwa shule nyingine. Tulipita mtoni kumepambazuka, kundi limeshafika. Aliyekuwa nyuma yake na fimbo alikuwa Holo, mdogo wake Shija, msichana mdogo mwenye kitambaa kiunoni. Mwalimu alisimama akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Holo. Leo unachunga wewe?"

"Mwangaluka, Mwalimu. Ni zamu ya Shija."

"Na zamu yake ya wiki iliyopita?"

"Mimi."

"Na ile ya kabla yake?"

"Mimi, Mwalimu. Tangu Shija arudi shule, babu alisema zamu zake nichunge mimi, yeye asome."

Shija aliangalia chini. Mwalimu hakumlaumu. Alimwambia Holo aangalie fahali, tukaendelea na safari. Aliongea na watoto njia nzima, akawachekesha ili wasiogope, lakini mimi nilikuwa nimemzoea na nilijua hayuko nasi.

Shija alifaulu, na Asha pia. Habari zilipofika, Mama Kabula alipika wali na kuku, na mtu wa mgodini alipiga zeze uani kwetu mpaka jua likazama. Kesho yake Mwalimu aliniambia nimsindikize kwa Mzee Nkwabi. Nilidhani tunakwenda kushukuru.

"Nimekuja kwa ajili ya Holo," alisema Mwalimu.

Mzee alikuwa akisuka kamba. "Umeshamchukua mmoja."

"Wa kwanza alikuja na maziwa yako mkononi. Sikumchukua."

"Holo ni wa kike, Mwalimu."

"Anachunga?"

"Anachunga vizuri kuliko wewe."

"Basi aingie kwenye zamu kama wenzake. Achunge siku yake, siku nyingine aje darasani."

Mzee alifunga fundo, akalivuta kwa meno. "Shija akienda huko mbali, hapa nabaki na nani? Nimekupa mmoja, na maji nakuamulia. Hili la Holo tutaongea baada ya mavuno."

"Nitakuja baada ya mavuno," alisema Mwalimu.

Kabla ya mavuno hayo nilihamishiwa Shinyanga, na baadaye nikauacha ualimu. Tuliandikiana na Mwalimu kwa miaka mingi, barua za habari za nyumbani, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza.

Msibani niliuliza. Shija alisema bila kusita kwamba dada yake alisoma, si sana, labda mpaka la pili. Kabula, ambaye ni wa rika la Holo na alikuwa darasani miaka ile, alisema hakuwahi kumwona humo hata siku moja, na Shija alikuwa bweni, angejuaje? Holo mwenyewe yuko Buseresere. Hakuweza kuja kwa sababu ya miguu, lakini alimtuma kijana wake na gunia la mchele, na kijana alipoulizwa mchango uandikwe wa nani, alisema mama yake ameagiza iandikwe kuwa umetoka kwa mwanafunzi wa Mwalimu Elikana. Zaidi ya hapo hakujua. Nilipoaga, Shija na Kabula walikuwa bado wanabishana.